Vinia Zisizo Ndugu

Fundi akishatoka kwenda kula, ndipo mkewe huanza wizi wake. Tuuite wizi tu, ingawa hakuna kinachotoka nje ya karakana.

Fundi hutengeneza pinde za kulengea shabaha. Kila upinde huuvisha vinia, yaani vipande vya mbao vyembamba kama ganda la kitunguu, kimoja mkono wa juu na kimoja mkono wa chini. Vinia hizo sharti ziwe ndugu: zimekatwa kwenye gogo moja, moja ikiifuata nyingine, ili michirizi ya juu itazamane na ya chini. Na ubao mkavu hauaminiki. Hupanguswa kwanza kwa kitambaa chenye maji, ndipo hutoa rangi utakayobaki nayo baada ya vanishi. Haya yote Fundi anayajua mpaka leo. Kilichomtoka ni macho.

Kusema hajasema. Hudai taa imefifia, na balbu imebadilishwa mpaka muuza duka anawacheka. Hupangusa vinia, huziinamia mpaka pua inalowa, huchagua mbili na kuziweka kando kwa madaha. Akiondoka, mkewe, ambaye kazi yake ni msasa na vanishi, huzirudisha rafuni na kutafuta ndugu wa kweli. Hufanya hivyo kwa kusimama, chakula chake kikipoa, sikio mlangoni. Akimwambia ukweli, Fundi ataweka zana chini, na mtu yule bila karakana hamalizi mwaka. Kwa hiyo hunyamaza. Lakini amechoka, jamani. Amechoka hata kutabasamu wateja wanapomsifu mumewe kwamba jicho lake halizeeki.

Ikaja siku ya upinde wa binti yao, kitinda mimba, aliyechaguliwa kwenda kushindana ugenini. Fundi alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka, mkewe akazitazama zile mbili na moyo ukamshuka: moja nyekundu iliyokolea, nyingine ya manjano. Akazibadilisha harakaharaka.

Mara Fundi akarudi. Alikuwa amesahau miwani, ile miwani isiyomsaidia kitu. Akapapasa meza, akazishika vinia, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Zangu nilizitia alama ya ukucha, zisije zikanipotea," alisema. "Hizi hazina."

Mkewe angeweza kuwasingizia panya. Alikuwa amechoka mno kuwasingizia panya.

"Nimezibadilisha. Hazikuwa ndugu, baba watoto. Hata binamu hazikuwa."

"Umeanza lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Mkewe akaona uso wa Fundi ukikunjamana, kana kwamba pinde zinampita akilini mmoja mmoja: ule wa daktari, ule wa mwalimu, zote zilizomletea sifa. Ikamuuma kuliko uchovu wenyewe. Muda wote ule alikuwa akimsitiri, na sasa amemvua nguo kwa neno moja.

Fundi akafungua aproni yake. Mkewe akajua ndiyo basi tena.

Lakini mzee alijifuta uso nayo, akaifunga upya. Akainama chini ya meza, akavuta kigoda chake, kigoda ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia, akakisukuma upande wa mkewe. Hakulenga vizuri, kikagonga rafu.

"Kaa," alisema. "Umesimama mwaka mzima."

Mkewe akakisogeza, akakaa. Fundi akalowesha kitambaa, akapangusa vinia ya kwanza, akaiweka mbele ya mkewe.

"Haya, niambie. Rangi gani?"

"Chai ya rangi iliyosahaulika jikoni."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akapangusa ya pili. "Na hii?"

Mkewe akaitazama bila haraka, kwa kuwa hakuwa tena na haja ya kutega sikio mlangoni.

"Hiyo si ndugu yake," alisema.

Fundi akairudisha rafuni kwa mkono wake mwenyewe.