Mdomo Uliogeuka Wenyewe

Hapana. Hatukuiga. Na wewe uliyeandika kwa grupu yetu ya mafundi eti ule mdomo wa kugeuka wa mashine ya kukata nepia, ile nyasi ya ng'ombe, "mliona kwa Wazungu wakirusha theluji," kaa chini nikueleze, maana mimi nilikuwa pale na wewe hukuwa. Meno ya ile pete, sawa, hayo tulitoa kwa theluji. Nitafika hapo na sitakudanganya. Lakini mdomo wenyewe ulizaliwa soko la Daraja Mbili, Kisii, kwa mkono wa Omogaka, kabla mtu yeyote kwetu hajajua kuna mashine ya kazi hiyo.

Na msinicheke eti mimi ni kijana naandika kumbukumbu kama mtu wa pensheni. Kazi ile imekufa, na mimi niliifanya mpaka ikafa. Kama hiyo si kustaafu, ni nini?

Siku yangu ya kwanza sikuwa na cheti hata cha kufagia. Kuchomelea nilijifunza kwa video za simu na kwa mageti ya majirani, na mengine yalianguka. Kibanda kilikuwa pembeni mwa soko, pale mama wa ndizi wanapopakulia mizigo. Mwenye kibanda alikuwa mzee mfupi wa kofia ya sufu, na kila mtu alimwita Omogaka, yaani mzee. Hakuniuliza nimesoma wapi.

"Bwakire, tata," akasema, akinisalimu ya asubuhi. Kwetu hata kijana mdogo anaitwa tata, yaani baba, na mtu anayempenda. "Unajua kuchomelea?"

"Najua sana, Omogaka."

"Sawa. Leo hutachomelea. Kasimame pale kwa gunia."

Gunia lilikuwa limetandikwa mbele ya mashine. Nikasimama. Akawasha injini, akaingiza nepia, na nyasi iliyokatwa ikanipiga kifuani, ikaingia kwa kola, kwa masikio, kwa mdomo. Mama wa ndizi walicheka mpaka wakaacha biashara.

"Imekupiga wapi?" akauliza akizima.

"Kila mahali!"

"Ya kwanza imekupiga wapi?"

"Kifua."

"Basi iko juu. Ng'ombe hali kwa kifua chako." Akachukua nyundo, akakunja bati kidogo, akawasha tena. Sasa ikanipiga magoti. Akakunja tena. Mwishowe nyasi yote ikaanguka kwa gunia mbele ya viatu vyangu, na hakuna hata unyasi ulioenda nje. "Hivyo ndiyo tunapima," akasema. "Futi ya chuma inapima bati. Wewe unapima nyasi."

Nilirudi nyumbani Nyanchwa nikijikuna na nikiwa na hasira. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika.

Ngoja nieleze mashine kwa wale hawajawahi kufungua moja. Ndani kuna gurudumu zito lenye visu na mapezi. Visu vinakata, mapezi ni vibati vinavyosukuma upepo na kurusha nyasi juu. Nyasi inapanda kwa bomba la bati, sisi tunaita shingo, halafu inatokea kwa mdomo. Watu wengi wanadhani kazi iko kwa visu. Kazi iko kwa shingo. Ukikunja kona kali, nepia ya mvua inaziba. Ukikata shina la ndizi, ule utomvu unashika bati kama gundi, na shingo ikiziba mtu anaingiza mkono kuzibua. Hapo ndipo vidole vinaisha. Kwa hiyo Omogaka alipanua shingo kidogo kidogo ikielekea juu, na pale bati mbili zinapokutana ndani, alilalisha moja juu ya nyingine kufuata mwendo wa nyasi, ndiyo isipate ukingo wa kushika. Juu kabisa aliweka ulimi, kibati chenye bawaba: ukiinua nyasi inaenda mbali, ukishusha inaanguka karibu.

Na chini ya shingo, pete. Shingo ilikaa ndani ya pete, ukaweza kuizungusha uelekee popote, halafu unakaza na nati ya masikio, ile ya kukaza kwa vidole.

Kwa nini igeuke? Wewe wa theluji hujui kwetu. Shamba la Kisii ni kamba inayoshuka kutoka barabarani mpaka mtoni. Nyumba yako, ng'ombe wako, halafu hatua kidogo ni chai ya ndugu yako. Asubuhi upepo unapanda mlima, mchana mvua inakuja ukageuka. Mdomo ukiangalia upande mmoja tu, kuna saa utamtupia mtu.

Baada ya miaka kidogo Omogaka alinituma Itumbe, alikokuwa na kibanda kidogo cha pili. Mkubwa wa huko tulimwita Foromani, mzee aliyewahi kufunga mashine za chai, mtu wa kunung'unika. Siku alipoona ile nati ya masikio alitikisa kichwa.

"Hii itafunguka. Injini inatetemeka, nati inatembea."

"Omogaka ameitengeneza hivyo," nikamjibu.

"Kwani Omogaka ni malaika?"

"Rudia hiyo uone!"

Tulishikana mashati, kusema ukweli, na mteja ndiye alitutenganisha. Mimi niko hivyo. Ukimgusa mtu wangu umenigusa. Foromani akampigia Omogaka simu, akamwambia hivyo hivyo kuhusu nati.

Sasa kesi. Upande wa Nyamira alikuwa mteja wetu Mama Kerubo, mjane wa ng'ombe wawili. Bega lake lilikuwa bovu, hakuweza tena kukata nyasi kwa panga, na ile mashine ndiyo ilimruhusu kuendelea kufuga. Chini ya boma lake ilikuwa chai ya shemeji yake, Momanyi. Siku moja Momanyi alipeleka majani kwa kituo cha kununua chai, karani akaingiza mkono kwa kikapu akakuta nepia imechanganyika na chai. Akakataa yote. Wiki iliyofuata, tena. Momanyi akaenda kwa naibu wa chifu na ombi moja: hiyo mashine itoke bomani.

Naibu wa chifu akaita kikao palepale kwa Mama Kerubo. Omogaka aliitwa kwa sababu ni mashine yake, na mimi nikaenda kwa sababu sikuwa naweza kukosa.

"Anageuza makusudi," Momanyi akasema. "Asubuhi mdomo unaangalia kihori cha ng'ombe wake, nikirudi unaangalia chai yangu. Nani anageuza? Ng'ombe?"

"Shemeji," Mama Kerubo akasema polepole, "mimi nikitaka kukutupia kitu nitatupa jiwe. Nepia ni chakula."

Watu wakacheka. Naibu wa chifu hakucheka. "Mama, jibu. Uligeuza au hukugeuza?"

"Nilikaza na mikono yangu mbili. Ikageuka yenyewe."

Mimi nikaruka. "Mashine ya Omogaka haijigeuzi!"

Nilikuwa namtetea mzee wangu. Mama Kerubo aliniangalia tu. Wazee wakaanza kunong'ona, maana kama mashine haijigeuzi basi mama ni mwongo, na kesi imeisha.

"Kaa chini, tata," Omogaka akasema.

Akaenda kwa mashine. Akaelekeza mdomo kwa kihori, akaita Momanyi mwenyewe aje akaze nati. Momanyi akakaza kwa nguvu zote, shingo yake ikasimama mishipa. Omogaka akawasha, akaanza kuingiza nepia. Nyasi ikaanguka kwa kihori vizuri. Akaingiza tena na tena. Mdomo umetulia. Nikaanza kutabasamu, nikamtafuta Momanyi na macho nimwonyeshe.

Halafu yale masikio ya nati yakatikisika. Yakazunguka kidogo. Mdomo ukaachia kihori, ukaja polepole kama mtu anayegeuza shingo kuangalia aliyemwita, ukapita mlango wa jikoni, ukapita ua, ukasimama kwa chai. Nyasi ikamwagika juu ya chai ya Momanyi mbele ya kila mtu. Omogaka aliiacha imwagike mpaka mzigo ukaisha. Akazima.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Niliambiwa na fundi wangu wa Itumbe, nikapuuza."

Mashine ilibaki kwa Mama Kerubo. Naibu wa chifu akafunga kikao, tukapewa chai. Mimi sikunywa.

Na habari ilitutangulia Daraja Mbili. Tulipofika soko tayari walikuwa wanaimba, "Ile mashine ya kujigeuza!" Wateja wakaanza kuja, na hakuna aliyekuja kununua. Walikuja kusema: chomelea mdomo, usigeuke tena. Nilichukua kofia ya kuchomelea, Omogaka akaninyang'anya. "Mdomo ni wangu. Nitachomelea mwenyewe." Akazunguka kwa maboma mpaka Nyamira, akifunga kazi yake kwa moto wake, moja baada ya nyingine. Kila mahali alikuwa anauliza mwenye boma, "Niuelekeze wapi?"

Wengi walisema kihori. Mmoja akasema, "Elekeza kwa huyo mjinga wa juu."

Omogaka akauelekeza kihori. "Ukitaka kumtupia, mtupie na mkono. Mimi sichomelei matusi."

Sasa tufike kwa theluji yako. Mimi sikulala na hiyo aibu. Nilitafuta kwa simu mpaka nikapata video ya Mzungu mmoja mwenye koti nene akisukuma mashine ya kurusha theluji kwa njia ya nyumba yake. Mdomo kama wetu, shingo kama yetu, ulimi kama wetu! Lakini pete yake ilikuwa na meno pande zote, na mkononi alikuwa na mpini. Akizungusha mpini, mdomo unageuka. Akiacha, meno yanashika, mdomo hauendi popote hata injini itetemeke namna gani. Nikakimbia kwa Omogaka.

Alitazama mara nyingi. Mzungu alifika penye gari la jirani, akazungusha mpini, theluji ikaenda upande mwingine. Omogaka akacheka kwa mara ya kwanza tangu kikao. "Huyu pia ana Momanyi wake."

Tukakata pete ya meno, tukaweka pini yenye springi. Nilisimama kwa gunia kutwa nzima, nyasi ikinipiga viatu, na mdomo haukutoka hapo. Foromani mwenyewe alikuja kutoka Itumbe, akautingisha na mikono yake. "Sasa hii," akasema, na kwake hiyo ni hotuba.

Mama Kerubo ndiye alikataa kuchomelewa tangu mwanzo, na ndiye wa kwanza kufungiwa meno. Ndiye alikuwa wa mwisho pia. Wengine ukiwaeleza walisema, "Si ni ile ya kujigeuza?" wakaenda madukani kununua zile za kutoka nje, mdomo mmoja, upande mmoja. Itumbe tukafunga. Daraja Mbili ikabaki ya kunoa visu. Macho ya Omogaka yalichoka na moto, akarudi kwao Nyamira. Mimi nilishikilia kibanda nikiwa peke yangu mpaka nikashindwa. Siku hizi niko Nyanchwa natengeneza madirisha. Dirisha halirushi kitu.

Nilimkasirikia Omogaka muda mrefu. Nikaenda kwake nikamwambia usoni: ungenyamaza siku ile, tungeenda kurekebisha kimyakimya, leo tungekuwa na vibanda vitano.

"Na yule mama?" akaniuliza.

"Angepata mashine ingine."

"Yeye? Na lile bega?" Akaongeza, "Si wewe ulisema hapo mbele ya watu haijigeuzi? Mimi ningesema nini, tata, nikukubalie?"

Ninachojua ni kwamba watu walimwona Omogaka na macho yao akisema ukweli, halafu wakamwacha kwa sababu hiyohiyo. Wangeenda kwa fundi mwongo wakatulia. Hiyo ndiyo inaniuma, si nati.

Juzi nilikuwa Nyamira kumwona. Njiani nikapita mashine zetu, nazijua kwa shingo. Mahali moja mwenye boma na mtoto wake wa kiume walikuwa wanasukuma mashine nzima na mtaimbo ndiyo igeuke kidogo. Mahali pengine kihori kilihamishwa zamani, lakini mdomo uliachwa pale pale, na nyasi inamwagika moja kwa moja kwa jiko la jirani. Nikasimama nikamuuliza mwenye boma kwa nini.

"Imechomelewa," akaniambia, akiendelea kuingiza nepia. "Nitafanya nini?"

Nina pete ya meno hapa Nyanchwa, imekaa ukutani, inafunga kwa asubuhi moja. Nilimwambia, na hajaja kuitafuta. Na wewe unayebishana na mimi kuhusu theluji, mdomo wa mashine yako unaangalia kwa nani?