Habarurema na Maji ya Tumbo la Ndama

Kisa hiki hamtakiamini, na hakuna atakayewalazimisha. Hata baba yenu mudogo anayewaandikia, aliyefika mwaka wa pili wa sekondari na ambaye angefika mbali zaidi kama walimu wasingemwonea wivu, alikisikia mara tatu ndipo akakubali. Kinamhusu Habarurema, mutu wa milima ya Masisi, fundi wa jibini, ile tunayoiita fromaji hapa Goma. Huyu alijaribu kufunga moyo wake kama watu wanavyofunga maziwa mpaka yagande.

Alipoteremka kuja kukaa Majengo hakuleta mali, alileta mikono. Ungempa maziwa yaliyopigwa jua kutwa nzima, bado angekutolea fromaji ambayo askofu angeila amepiga magoti.

Mei 2021 volkano ikatapika. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini siku tano baadaye serikali ikaamuru Majengo na mitaa mingine ihame. Habarurema akafunga fromaji zake mgongoni, akashika njia ya Sake, chini ya milima ya kwao, pamoja na maelfu ya watu. Kwenye mwinuko wa ziwa la Lac Vert kifua kikambana kana kwamba mutu amemkalia. Akaketi juu ya mawe. Watu wakampita. Furushi lake nalo likampita, mgongoni mwa mutu asiyemjua.

Daktari alimweleza baadaye kwamba kipande cha nyama ya moyo kimekufa kwa kukosa damu, pamebaki kovu, na kovu halisukumi damu. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake. Kilichomuudhi zaidi ni kile cha kukojoza. Mzee mzima, fundi anayeheshimiwa, akawa anakimbilia choo cha jirani mara nane kwa siku, na watoto wanamhesabia.

Kisha vita vikarudi milimani. Ng'ombe waliokuwa wakimpa maziwa waliliwa na wenye bunduki, wa upande huu na wa upande ule. Kaka yake aliyewachunga akazikwa haraka kando ya zizi tupu. Habarurema hakwenda kumzika. Moyo ule usingeuweza ule mlima, na hilo lilimla kuliko ugonjwa wenyewe. Alitaka apande mara moja tu, aweke jiwe kwenye kaburi.

Binti yake Joyeuse anafanya kazi ya maabara hospitalini. Siku moja, akimenya viazi, akamwambia, "Papa, kuna watafiti walipandikiza seli shina ndani ya mioyo ya panya iliyoumia. Ni zile seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Karibu zote zilikufa kwa siku chache. Lakini mioyo ikapata nafuu kidogo."

"Fundi amekufa, na nyumba inaendelea kujijenga?"

"Kwa sababu zinatoa majimaji, kama jasho. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vinavyopeleka habari kwa seli za moyo: msife, uvimbe upungue, mishipa midogo ya damu iote. Sasa wengine hawapandikizi seli tena. Wanazikuza kwenye sahani, wanakusanya yale majimaji tu."

Habarurema akacheka. "Hiyo ni kazi yangu ya miaka makumi tatu."

"Papa, ni panya na nguruwe. Kwa watu bado wanajaribu. Haiko dawa."

Lakini masikio yake yalikuwa yameshanasa kwenye neno majimaji. Mutu yeyote wa fromaji anajua: unachukua tumbo la ndama anayenyonya, unalikausha, unaloweka kipande. Kipande unakitupa. Kijiko cha yale maji kinaifunga sufuria nzima ya maziwa. Kama yanafunga maziwa, yatashindwaje kufunga moyo?

Akanunua tumbo kwa mchinjaji. Vidonge akavificha kwenye kopo chini ya kitanda. Kila asubuhi akanywa kikombe cha maji ya lile tumbo, akifumba macho kwa ule uchachu. Wiki ya kwanza aliona amepona: hakukimbilia choo tena. Wiki ya pili viatu vikambana. Ya tatu akawa analala ameketi.

Ndipo waasi wakaingia mjini, Januari 2025. Joyeuse alifungiwa kazini siku nne, hospitali haina maji wala umeme. Mizinga ilipotulia akatembea mpaka nyumbani, akiruka waliolala barabarani. Akamkuta baba yake mdomo wazi, anavuta hewa kama samaki. Akambonyeza muundi kwa kidole. Shimo likabaki, kama kwenye fromaji mbichi.

"Papa, vidonge viko wapi?"

Akamwonyesha kitanda.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoongea ile maneno ya panya."

Joyeuse akatoka mbio. Akatafuta mkokoteni.

Hospitalini walimlaza kwenye ujia, kati ya majeruhi. Kando yake alikuwa mama mmoja aliyetoka mji wa Kiwanja, Mukakalisa, kipande cha bomu tumboni. Muuguzi alikuwa mmoja kwa watu sitini. Alipofika kwao alianza na Habarurema, kwa kuwa sindano ya kukojoza maji yaliyojaa mwilini ni kazi ya dakika moja. Ilipokwisha dakika hiyo Mukakalisa alikuwa hasemi tena.

"Yule mama aliuliza kama mimi pia nimepigwa," Habarurema alimwambia binti yake. "Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya. Mimi nilijiletea."

Amerudia vidonge, hata kile cha kukojoza. Joyeuse anavihesabu mbele yake, hacheki. Lakini msiondoke na huzuni, wanangu, maana mwenyewe ameketi hapa akisomewa maneno haya, na tazameni maajabu: moyo umeshikana wote, kovu limefutika, na juzi amepanda mpaka kwenye kaburi la kaka yake, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika hata mara—

"Sijafika, muzee," anasema Habarurema. "Niliishia Sake, Joyeuse akanirudisha. Kovu liko palepale. Andika vile iko, mutu asije akatupa vidonge vyake."