Sproketi Aliyoichagua Ayeeyo

Jana nikitoka shule nilipita duka la vipuri hapa mtaani Iftin, nikamsikia jamaa akiulizia gurudumu la meno la cheni ya pikipiki: "Sproketi yenye nguvu ni ipi?" Nikacheka peke yangu kama mwehu. Rafiki yangu, swali hilo liliwahi kuchachisha maziwa kwetu.

Nilikuwa darasa la tano. Ayeeyo, yaani bibi yangu, aliwauzia wenye vibanda vya chai maziwa ya ngamia, na abti, mjomba wangu, aliyaleta kwa pikipiki kutoka zizini, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu uliojaa mchanga. Jua likikaza kabla hajafika, maziwa yalichacha na wateja wakahamia kwa jirani, mwanamke ambaye ayeeyo alimwitikia salamu kwa sababu za dini tu.

Siku moja cheni ya pikipiki ikaanza kuruka. Tukaenda dukani: abti kama dereva, ayeeyo kama mkuu wa msafara, mimi kama mzigo. Fundi, mtu wa Kitui, akasema cheni na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hubadilishwa pamoja, maana meno yaliyokwisha hula cheni mpya. Abti akataka ya nyuma iwe ndogo, apate mbio kwenye lami. Vijana wa bodaboda wakamcheka: "Waryaa, maziwa yako yanawahi ndege?"

Ayeeyo hakusikiliza mtu. Alizigeuza zile sproketi akichungulia meno, kama afanyavyo kwa ngamia mnadani. Akainua kubwa ya nyuma. "Huyu meno mingi. Amekomaa. Atabeba."

"Sawa kabisa, mama," fundi akasema. "Kubwa nyuma inavuta. Lakini mbele tuweke ndogo."

"Ngamia ya meno ya mzee nyuma, meno ya mtoto mbele, wewe umeona wapi? Mbele pia kubwa!"

Kubwa ya mbele huongeza mbio na kupunguza nguvu. Abti alilijua hilo vizuri, akawa wa kwanza kutoa pesa.

Kesho yake pikipiki ilipaa kwenye lami kama swala. Siku iliyofuata ilipakia maziwa, ikaingia lagani, ikanguruma, ikazima. Abti aliisukuma hadi akasahau mbio ni nini. Alipofika, wateja walikuwa wamekwisha kwenda kwa jirani, na sisi tukanywa maziwa ya kuchacha mpaka tukanuka kama kibuyu.

Ayeeyo akarudi dukani. "Fundi, ile ya mbele uliniuzia ni mgonjwa. Nipe mdogo wake." Fundi akabadilisha. Kwetu mzee hakosei. Ni ngamia tu hubadilika. Maziwa yakawahi tena, wateja wakarudi mmoja mmoja.

Halafu ukaja ukame. Ngamia waliobaki walipelekwa malishoni upande wa Diff, hawakurudi. Siku hizi ayeeyo anauza maziwa ya pakiti kwenye friji. Hayachachi, hayachelewi. Mwenye kibanda huyachukua wakati wowote anaotaka, anaondoka. Zamani alikuwa akisimama barabarani, sufuria mkononi, akitega sikio asikie pikipiki ya abti.