Nilimnyima Mume Wangu Sindano, Lawama Ikamwangukia Jirani

Admin, ukiposti hii ficha jina langu na la shule ninayofundisha, kwa sababu Eldoret ni ndogo na watu watanijua. Nina miaka arobaini na tatu, mjane wa miezi mitano, mama wa msichana mmoja aliye chuo. Msinihurumie kabla hamjafika mwisho.

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu ujana wake, ule wa kudungwa sindano asubuhi na jioni. Tulishazoea. Alikuwa fundi wa matrekta, mtu wa utani mwingi, na dawa zake alitembea nazo kwa mfuko wa koti kama mwingine anavyotembea na miwani. Hapa mtaa wa Pioneer tulikaa ploti moja na Mama Atieno, nesi, Mjaluo wa kutoka upande wa ziwa. Mimi ni Mkalenjin, nimezaliwa karibu na mji wa Turbo. Yeye husali Jumamosi, sisi Jumapili. Kwa miaka saba hiyo haikuwa shida. Alinifundisha kupika omena, wale dagaa wa kwao, mimi nikamzoesha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na binti yangu Chebet alimwita mum kama anavyoniita mimi.

Mama yangu alipofariki, mwalimu mwenzangu alinipeleka kanisa moja dogo. Walinipokea vizuri sana, na walikuwa na jibu la kila kitu. Walifundisha kwamba sisi peke yetu ndio tumeiona njia, wengine wote wamepotea hata wakiomba namna gani, na kwamba dawa ni za wasioamini. Nitasema ukweli, nilipenda ile hali. Nilikuwa nimechoka kujiuliza maswali, na pale hakuna aliyekuwa na swali. Nikaacha kula kwa Mama Atieno. Akituma chakula, nilingoja mtoto wake aondoke halafu namwaga.

Wakati wa kupanda mahindi tulifunga na kuomba, na mchungaji akaniambia kwamba imani yangu haitakamilika kama kwa nyumba yangu bado kuna sindano. Nilitoa chupa zote kwa friji na ile ya mfuko wa koti nikazimwaga kwa sinki. Mume wangu alikasirika, akachukua koti lake akatoka nje. Wiki mbili zikapita akiwa mzima. Nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba amepona, watu wakalia kwa furaha.

Kumbe alikuwa akipitia kwa Mama Atieno kila asubuhi na jioni. Nilimkuta huko Jumapili moja, shati limepandishwa, Mama Atieno ameshika sindano. Nilizichukua zile chupa nikazipiga chini, nikamwita mama wa watu mchawi mbele ya majirani. Yeye hakunirudishia tusi. Alisema, "Nichukie mimi vile unataka, lakini huyu mtu akikosa dawa hamalizi wiki."

Kesho yake nilimwambia mume wangu twende shamba la marehemu mama tukapumzike, tuongee kama mke na mume. Alikubali kwa sababu nilimwahidi tutasimama Turbo anunue dawa. Nilikodi gari. Tulipofika Turbo nilimwambia dereva asisimame. Mume wangu alipouliza, nikamwambia tutarudi kununua kesho.

Ile nyumba haikuwa na mtu mwingine. Siku ya kwanza alikunywa maji bila kukoma. Ya pili akaanza kutapika. Simu yake nilikuwa nimeificha. Nilimpigia mchungaji, akasema hiyo ni ugonjwa unatoka, nisirudi nyuma. Siku ya tatu mume wangu alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia mlima, na akaniambia polepole, "Mama Chebet, sikatai Mungu wako. Naomba tu sindano yangu." Nikamwekea mkono kichwani nikaendelea kuomba. Siku ya nne asubuhi alikuwa hasikii tena nikimwita. Ndipo nikakimbia kwa jirani mwenye pikapu. Alikufa kabla hatujafika barabara ya lami.

Kwa matanga shemeji zangu waliniuliza nini kilitokea. Nilijibu, "Kuna nesi hapo kwa ploti alikuwa anamdunga sindano kwa siri." Hapo sikusema uongo hata neno moja, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Mmoja akauliza huyo nesi ni wa kabila gani. Nikamwambia. Sikuulizwa kitu kingine; wakaamua kwamba alimdunga sumu. Walienda Pioneer wakamtolea vitu vyake nje, na siku hiyo hiyo Mama Atieno akahama na watoto wake. Kisha wakamshtaki kwa kliniki anayofanya kazi, naye akasimamishwa kazi.

Kanisa nimeliacha. Mchungaji alitaka nishuhudie kwamba mume wangu alikufa kwa kukosa imani, nikatoka na sijarudi. Lakini hiyo haimsaidii Mama Atieno. Wiki ijayo anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya kliniki, na Chebet wangu ndiye ameandikisha jina kwenda kutoa ushahidi dhidi yake. Anaamini mwanamke aliyekuwa akimwita mum ndiye alimuua baba yake. Juzi alinipa nisome kile ameandika atasema, nikamsahihisha hadi makosa ya tahajia.

Nimempigia Mama Atieno mara moja tu. Nilidhani atanilaani. Aliuliza, "Aliteseka sana?" Nikakata simu.

Nikisema ukweli, shemeji zangu hawataniacha salama, labda nifungwe, na Chebet atabaki hana baba wala mama. Nikinyamaza, mtu asiye na hatia atapoteza kazi, pengine na uhuru wake. Najua wengine mtanitukana, na mna haki. Lakini baada ya matusi naomba mtu mmoja aniambie: naanza na nani, kamati au mtoto wangu? Na huyo mtoto nitamwambia kwa maneno gani?