Amina ya Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisisali. Nilikuwa nimeshuka Kigoma mjini kutoka Kasulu nikiwa na Biblia mpya, viatu vinavyobana, na sala moja ndefu niliyoikariri njia nzima ili niwashangaze wakubwa. Mchungaji Kiongozi, yaani yule anayewasimamia watumishi wote wa usharika, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mwinjilisti, unajua kusali?"

"Najua, Mchungaji."

"Basi wiki hii usisali. Utakaa kwenye nyumba za watu, usikie wanavyosali wao. Ukimaliza wiki na bado una hamu ya kuwafundisha, uje uniambie."

Nilidhani ananitania. Kumbe hatanii. Nikakaa wiki nzima kwenye mikeka ya watu nimefunga mdomo, na ile sala yangu ndefu ikanichachia tumboni. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa somo, au mzee wa watu alikuwa amechoka tu na vijana wenye maneno mengi.

Ninyi mnaosoma Neno kwenye simu hamtaijua kazi yetu nisipowaeleza. Watu hudhani mwinjilisti ni mtu wa Jumapili. Jumapili ilikuwa ya wachungaji. Yetu sisi ilikuwa Jumatatu mpaka Jumamosi. Tulitumwa kuzijengea nyumba mazoea ya kusoma Neno na kusali kila siku kabla ya shughuli. Kuanza na nyumba mpya tuliita kuzindua. Unafika asubuhi, unasoma mwenyewe fungu la siku kama lilivyopangwa kwenye kalenda ya masomo, mnakaa kimya kidogo, kisha unasali. Baada ya siku kadhaa unamwachia baba au mama asome. Halafu unaanza kuchelewa makusudi, ili ufike uwakute wameshaanza. Mwisho huendi kabisa. Hatua hiyo ya mwisho tuliita kuachisha, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa, na mwinjilisti alipimwa kwa nyumba alizoachisha.

Maelezo haya yanasikika mepesi. Shida ni kwamba watu hawakusoma kitabu chetu cha utaratibu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Simbo, kwa wakulima. Nikifika na kalenda yangu nakuta nyumba tupu, wenyewe wameshakwenda shamba. Nikaamua kuwahi zaidi. Mzee mmoja akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mwalimu," kisha akaniuliza kwa upole, "Huyo Mungu wa mjini anaamka saa ngapi? Maana wa huku anaamka na jembe." Tukaishia kusali wima uani, kila mtu na jembe lake begani. Nilirudi mjini kumshitakia Mchungaji Kiongozi.

"Wanaosali ni wao au ni majembe?" akaniuliza.

"Ni wao, Mchungaji."

"Sasa unalalamikia nini?"

Sikujua nalalamikia nini. Nikahamishiwa Ujiji, na huko ndiko nilikochanganyikiwa zaidi. Nyumba zetu zilikuwa chache katikati ya nyumba za Waislamu, na kengele hatukuwa nayo, kwa hiyo waumini wangu waliamka kwa adhana ya alfajiri. Asubuhi moja familia niliyokuwa nimeiachisha ililala hadi jua likatoka. Jirani yao, Mzee Ramadhani, akawabishia hodi baada ya kutoka msikitini: "Mbona leo sikuwasikia? Mnaumwa?" Wakaona haya, wakarudi kwenye mkeka na Biblia yao. Nikabaki najiuliza aliyeizindua upya nyumba ile ni mimi au ni Mzee Ramadhani, na kwenye taarifa ya mwezi niliruka jambo hilo.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Ziwa lilikuwa likileta watu kila siku kutoka ng'ambo, wamejazana kwenye mitumbwi na maboti, wengine hawana hata viatu. Mkuu wa Jimbo, ambaye ndiye mkubwa wa wachungaji wote wa eneo letu, aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa mikoa ya kusini, mrefu, mwenye sauti ya taratibu.

"Mwinjilisti, nakupeleka kambini. Watu wale wamepoteza kila kitu. Usiwapelekee hotuba. Wapelekee asubuhi."

Sikuielewa vizuri kauli ile, lakini ilinipendeza, nikaondoka nayo.

Kambini nilizindua nyumba nyingi, na nyingi zilinifia mikononi. Leo wanasoma, kesho ni siku ya mgao wa chakula na hakuna mtu, keshokutwa mtoto ana malaria. Sikuwalaumu. Hata mimi, siku ambazo sikuwa na mzunguko wa nyumba, nililala. Nilizoea kusali nikiwa njiani kwenda kusalisha wengine, na mazoea yana taabu.

Nyumba moja tu haikukosa asubuhi hata moja, na ndiyo iliyonitesa. Ilikuwa ya Mama Neema, mwanamke aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi, huko Kongo, na watoto wake wanne, wa kwanza akiwa huyo Neema. Nilipofika mara ya kwanza na kalenda yangu, niliwakuta wameshakaa kwenye turubai, Biblia imefunuliwa. Sikuwa na la kuzindua. Mama akasoma ile habari ya Bwana na wanafunzi wake chomboni: wanavuka ziwa, dhoruba inakuja, maji yanaingia, naye Bwana amelala nyuma ya chombo. Hapo akaacha. Wakakaa kimya kidogo, akafunga Biblia, watoto wakainuka kwenda kuchota maji. Hakuna aliyesema Amina.

Nikadhani amesahau. Kesho yake akasoma palepale na kuishia palepale. Na keshokutwa yake vilevile.

"Mama Neema," nikamwambia, "mstari unaofuata Bwana anaamka."

"Minajua, mwalimu."

"Sasa mbona tusifike hapo? Kalenda yetu imeshakwenda mbali."

"Apana. Hapa njo mahali baba yao alifikia."

Akanieleza. Kwao, anayefungua sala ndiye anayeifunga, na nyumbani mfunguaji alikuwa baba. Asubuhi ile ya mwisho Baba Neema alifungua kwa sala kama kawaida, akaanza kusoma. Milio ya bunduki ikasikika upande wa juu wa kijiji. Akaweka Biblia mikononi mwa mkewe, akamwonyesha mstari kwa kidole, akasema, "Mushike hapa. Nitakuja kumaliza." Akatoka kwenda kumchukua mama yake mzazi. Hakurudi. Kulipochafuka kabisa, majirani wakamsukumiza mama na watoto ndani ya boti.

"Kwa hiyo sala haijafungwa," alisema Mama Neema. "Iko wazi. Nikisema Amina, ni kusema hatarudi."

Nilitembea siku nzima na maneno yale. Je, nyumba ile ilikuwa na mazoea ya kusoma Neno, au ilikuwa na kipande kimoja cha Neno kilichokwama kama mfupa kooni? Kwa vipimo vyetu ilikuwa nyumba bora kambini, na kwa vipimo vyetu hivyohivyo haikuwa imesoma kitu. Na ile ilikuwa sala gani, ya kumgoja mtu, au ya kumgoja Mungu? Nilijaribu kumwuliza Mungu mwenyewe, nikakuta ninasali kwa sauti ya kazini.

Jambo halikuishia hapo. Kambini alikuwamo pia Mzee Elie, mzee wa kanisa na kaka mkubwa wa Baba Neema. Alinifuata akiwa na uchungu ambao siwezi kuudharau.

"Mwalimu, mudogo wangu amekufa. Kila mutu anajua. Na miye sijamulilia. Nitaweka matanga namna gani, na mule ndani wanamugojea kama ameenda sokoni? Umwambie huyu mama afunge sala."

"Umemwona aliyekufa, Mzee Elie?"

"Sikumuona. Lakini angekuwa muzima, angekuwa hapa."

Wazee wenzake wakaungana naye. Kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya namna mjane anavyopaswa kukubali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilimwonea huruma mama, nikamwonea huruma na Mzee Elie, na huruma mbili zikanifunga miguu. Nikafanya wanachofanya watumishi wote wakishindwa: nikapeleka jambo kwa mkubwa.

Mkuu wa Jimbo alikuja mwenyewe, asubuhi, akiwa amevaa kola yake. Alikaa kwenye turubai na watoto, Mzee Elie akasimama mlangoni. Mama Neema akasoma mpaka pale Bwana amelala, akanyamaza. Mkuu akangoja kidogo, kisha akainua mikono, akasali sala nzuri sana ya faraja, kwa wafiwa na kwa waliopotea, akamaliza, "Amina."

Ni Mzee Elie peke yake aliyeitikia. Watoto walimtazama mama yao. Mdogo wao kabisa akaanza kulia: "Mama, amefunga?"

Mama Neema alikuwa amepauka. Lakini alisema kwa adabu, macho chini: "Baba Mchungaji, aksanti. Ile Amina imefunga sala yako. Yetu ingali wazi." Kisha akamgeukia mtoto. "Hakufunga. Nyamaza. Bwana angali analala."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu hakukasirika. Alikaa muda mrefu akitazama ile Biblia iliyovimba kwa maji ya ziwa, akaaga, tukatoka. Njiani akaniuliza, "Mwinjilisti, nyumba ile umeiachisha?"

"Sijui, Mkuu. Mimi niliikuta inasoma."

"Unaiombea nini?"

"Sijui, Mkuu. Nikiomba waendelee, Mzee Elie ataumia. Nikiomba wafunge, namzika mtu ambaye sijui kama amekufa."

"Basi na mimi sijui," akasema. "Endelea kwenda."

Hayo ndiyo maagizo pekee niliyowahi kupewa na mkubwa ambayo niliyatii bila kuyapunguza. Nilikwenda. Mzee Elie naye hakudai tena matanga. Alianza kuja asubuhi, akakaa mlangoni na mgongo wake kwetu, haingii, haitikii. Labda alikuwa anamlilia mdogo wake kwa namna yake. Sikumwuliza.

Miaka ikapita. Ng'ambo kukatulia, meli ikaanza kuwarudisha watu kwa hiari yao, na Mama Neema akajiandikisha. Nilimsindikiza hadi bandarini Kigoma. Neema alikuwa msichana mkubwa sasa, amebeba ndoo na godoro. Mama akanivuta pembeni ya foleni.

"Mwalimu, wewe unabaki. Kama baba yao anakuja huku kutuuliza, umwambie tumerudi nyumbani."

"Nitamwambia."

"Na umwambie tunamugojea pale Bwana amelala. Hatukusogea. Utapakumbuka?"

"Mama Neema, nimepasikia kila asubuhi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda. Sikupata habari zao tena.

Nilistaafu miaka mingi baadaye. Wakanipa Biblia ya maandishi makubwa na hotuba fupi, nikarudi nyumbani kwangu Rusimbi. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema kama kawaida, nikavaa, nikafika mlangoni, nikasimama. Hapakuwa na nyumba ya kwenda. Mke wangu, Mama Yona, akanichungulia kutoka jikoni.

"Baba Yona, unakwenda kumzindua nani?"

Nikarudi kukaa. Nikafungua kalenda ya masomo, nikasoma fungu la siku, na kichwani nikawa napanga namna ya kulieleza kwa watu ambao hawapo. Nilipofumba macho nisali, halikuja neno. Vijana wangu, niliogopa. Maisha yangu yote nilikuwa nimewafundisha watu kusali kila siku, na sikujua kama mimi mwenyewe niliwahi kusali hata siku moja, au nilikuwa kazini tu. Hali hiyo iliendelea siku nyingi. Nilikuwa nimekauka, na aibu ya kumwambia mtu ilinizidi.

Kisha asubuhi moja, kwa kukosa la kufanya, nilifunua ile habari ya chomboni. Nikasoma mpaka pale Bwana amelala, nikaacha. Nikakaa kimya. Nilimwona Baba Neema, mtu ambaye sura yake siijui, akitembea mahali fulani akiuliza njia. Machozi yakanitoka. Sikusema Amina, kwa kuwa haikuwa yangu kuisema.

Kesho yake nikarudi hapohapo. Sasa ni miaka. Mafungu mengine huyasoma baadaye, jua likishapanda, lakini asubuhi yangu huanzia pale na kuishia pale. Mkiniuliza mazoea ya kila siku hujengwaje, nitawaambia utaratibu wote wa kuzindua na kuachisha, maana naujua. Yangu yalijengwaje, sijui. Nadhani niliachiwa mlango wa watu niushike, usifungwe.

Mama Yona mwanzoni alinitania: "Mstaafu, sala yako haina mkia?" Nikamsimulia. Tangu hapo hukaa nami, na siku moja nilimwona ameziba mdomo kwa khanga, Amina ikiwa imeshamfika kwenye ulimi.

Juzi, tulipofunga Biblia, hakuinuka. "Baba Yona," akasema, "na kama alishawafikia? Kama walishamaliza kusoma zamani, wakasema Amina yao huko kwao, sisi hatuna habari?"

Nilimtazama. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuliwaza hilo. Akaenda kuchemsha chai.

Asubuhi iliyofuata alinitangulia kukaa mkekani. Alikuwa ameshafunua Biblia, na kidole chake kilikuwa palepale.