Kikohozi cha Mume Wangu Kimekuwa Kichekesho cha Mji

Bwana Mhariri, na ninyi wasomaji wa ukurasa huu, pokeeni salamu zangu kutoka hapa Mbeya. Sisi hatujambo kidogo. Mume wangu ni mzima, ila mgongo unamsumbua baridi ikizidi. Bibi, yaani mama yake mume wangu, anawasalimu, chakula anakula vizuri. Binti yangu wa mwisho anawasalimu. Mwanangu wa kwanza yuko safarini na lori, angekuwapo angewasalimu na kuwachekesha pia. Mke wake ndiye hayumo katika salamu hizi, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Jina langu lificheni, nawaomba, maana gazeti hili husomwa sokoni kwa sauti.

Umri wangu nadhani unakaribia hamsini, maana vita ya Wajerumani ilipofika kwetu nilikuwa tayari natembea. Kusoma nilijifunza darasa la ubatizo tu, basi mwandiko mnisamehe. Sisi ni Wanyakyusa, tulihamia mjini mume wangu alipopata kazi ya useremala.

Kwa wasiojua mila yetu, nieleze. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake, wala hataji jina lake. Wakikaribia kukutana, yeye hukimbilia migombani, au hujifunika kanga akageukia ukuta mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima. Na mzee mwenye utu humsaidia: akikaribia nyumbani hukohoa. Mume wangu huanza kukohoa tangu kona ya jirani, kifupi kifupi, halafu kimoja kirefu cha kuburuta. Mkamwana wangu akisikia huacha hata mwiko chunguni akajificha. Waliishi hivyo kwa amani, na mimi katikati nikipeleka maneno ya huyu kwa yule.

Sasa huyu mwanangu ni utingo wa lori la Iringa. Safarini huko husikia watu wanavyosema, akirudi anawaigiza. Jumamosi jioni vijana hukusanyika ukumbini, kila mmoja anapewa nafasi fupi ya kuchekesha, akimaliza karani wa ukumbi huuliza watu, "Mmeonaje?" Watu husimama wakasema. Mara ya kwanza walimwambia mwanangu, "Unakimbia mno, ngoja tumalize kucheka." Akasikia, akajirekebisha. Akawa hodari.

Aliwaigiza sana Wahehe wa Iringa, watani wetu. Siku moja fundi cherehani mmoja, Mhehe, akasimama akicheka, akasema, "Kijana, kila Jumamosi unatubeba sisi tu. Kwenu hakuna vituko? Mtani akikubali umcheke, nawe ukubali akucheke." Ukumbi mzima ukaitikia, "Kweli, atoe ya kwao."

Jumamosi iliyofuata akatoa. Mimi nilikuwapo, nimekaa na wanawake wa kanisani. Akajifunga kanga kichwani akawa mke wake, halafu akavua akawa baba yake anayekuja kwa mbali. Alivyokohoa, jamani, sikatai, alikuwa ni mume wangu kabisa. Mke anakimbilia huku, kikohozi kinatokea kule, anaingia bandani kwa kuku. Watu waligaragara. Yule fundi akasema, "Hii ndiyo bora kuliko zote."

Kufika Jumatatu, sokoni watoto walikuwa wakimwona mkamwana wangu wanakohoa, naye kwa mazoea anaruka kujificha, wanacheka. Mume wangu akipita, wanakohoa. Akaja akaniambia, "Mama watoto, nilikuwa nakohoa kwa heshima ya yule binti. Sasa nikikohoa nafanya mchezo wa ukumbini. Sikohoi tena."

Na kweli aliacha. Jioni moja akaingia kimya, akamkuta mkamwana jikoni anaipua chungu. Wakatazamana uso kwa uso. Binti alishtuka, maji ya moto yakamwagika mkononi. Mzee aligeuka akatoka, hata kumsaidia haruhusiwi. Kesho yake binti akafunga kanga zake, akambeba mtoto mgongoni. Akaniambia, "Mama, siondoki kwa hasira. Lakini nyumba ambayo baba hakohoi, mimi nitaishije?" Yuko kwao Rungwe mpaka leo.

Mume wangu akasema, "Alinichezea mbele ya watu, basi aombe radhi mbele ya watu walewale." Mwanangu hakubisha. Aliniambia, "Mama, sikumtukana baba. Waliniambia nitoe ya kwetu, na kwetu ndiko huko. Lakini nitasimama."

Akasimama. Nilikuwapo pia. Akasema, "Ndugu zangu, nilimkosea baba yangu." Watu wakaanza kucheka. Akasema, "Sichezi, mke wangu ameondoka." Wakacheka zaidi. Mmoja akakohoa kule nyuma, ukumbi ukalipuka. Mimi nilimwona machozi, wao walisema ameyaigiza vizuri. Karani akauliza, "Mmeonaje?" Yule fundi akasema, "Ya kuomba radhi ni tamu sana, uiendeleze."

Habari zilimfikia baba yake kabla hatujafika nyumbani. Sasa anaamini mtoto amemchezea mara ya pili, na mlango wake ameufunga. Mwanangu analala garini. Iringa nao wamemwita, wanakitaka kikohozi. Ananiambia, "Mama, nimekataa, lakini nani ataniamini? Hata nikilia watacheka."

Mchungaji anasema tuombe, nami naomba. Nikimtetea mwana, mume ananiambia nami nilikuwa nacheka kule. Nikimtetea baba, mwanangu anainamisha kichwa tu. Binti ameleta salamu kwamba mkono umeanza kupona, na anauliza kama mzee amekohoa.

Wazazi wenzangu, na ninyi Wahehe watani wetu pia, mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha anaombaje radhi akaaminiwa? Nishaurini, nifanye nini? Andikeni upesi, maana kwao mkamwana wameanza kusema mjukuu wangu akishazoea kule hatarudi.

Mimi mama yenu wa Mbeya.