Fundi wa Vioo na Pigo la Pili

Kioo hukatwa mara moja. Fundi huweka rula ya mbao juu yake, huchovya ncha ya kikatio kwenye mafuta ya taa, kisha huvuta mstari mmoja kutoka ukingo wa mbali hadi ukingo wa karibu, bila kusita. Mstari mzuri hutoa mlio mwembamba, kama kitambaa kinachochanwa. Kioo husogezwa hadi kwenye ukingo wa meza, hukandamizwa kwa viganja viwili, na kinaachana. Ukipitisha kikatio mara ya pili juu ya mstari uleule, umejiharibia: gurudumu la kikatio linakuwa butu, na kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe.

Mwanamume ambaye mtaa mzima humwita Fundi aliyajua hayo tangu ujana wake, katika karakana ya shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Siku za mwanzo, kila mkono wake ulipoanza kurudi juu ya mstari, mwenye karakana aliugonga kwa rula. Hakuugonga kwa nguvu, ila hakuacha kuugonga hata siku moja. Baada ya muda mkono ukaacha kurudi, na Fundi mwenyewe akasahau kwamba uliwahi kutaka kurudi.

Mwenye karakana ni mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Hupita nyuma ya meza ya kazi, hutupa sentensi moja, na kabla mtu hajapata jibu ameshaingia ofisini na kufunga mlango. Dereva wa gari la mizigo aliwahi kuomba kuhamishwa tawi kwa ajili ya sentensi moja kuhusu shati lake. Karakana haina tawi lingine.

Fundi hakuwa mtu wa baa wala wa mpira. Jioni alioga, alikula na mkewe, kisha aliketi kwenye kochi na kuwasha gemu. Ni gemu la kupiganisha wanyama wa kubuni. Kila mchezaji huingia na wanyama wanne, nao hukutana mmoja kwa mmoja. Kila zamu wachezaji wote wawili huchagua kwa siri: kupiga, kujitibu, au kubadilisha mnyama. Mwenye kasi hutangulia. Anayebadilisha hupoteza zamu yake, na mnyama anayeingia hupokea pigo lililokuwa likimngoja mwenzake aliyetoka. Anayeangushiwa wanyama wote ameshindwa.

Mnyama wake mkuu alifanana na nguchiro aliyenyeshewa: mwembamba, wa buluu, mkia wake ukitoa cheche. Hakuna aliyemzidi kasi katika gemu zima, na radi yake iliwaangusha wengi kwa pigo moja. Ngozi yake, kwa upande mwingine, ilikuwa karatasi. Lolote lililomgusa lilimlaza chini. Gemu huruhusu mchezaji kumpa mnyama jina, na Fundi, bila kufikiri sana, alimwita Shangazi.

Jinsi alivyomtumia ilijulikana kote mtaani. Shangazi aliingia, akapiga, akatoka. Kama adui ameanguka, vizuri. Kama hajaanguka, Shangazi alitoka vilevile na mwingine akaingia kumalizia. Vijana waliocheza naye walisema ni mbinu, na Fundi mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba mnyama wa karatasi haachwi mvuani. Lilikuwa jibu zuri, na mwenye kulitoa aliliamini.

Mwaka huo chama cha wachezaji cha mji kilikuwa kinachagua timu ya watu wanne kwenda kwenye mashindano ya taifa. Fundi alikuwa amejaribu kuingia kwenye timu hiyo kila mwaka na kila mwaka akaishia kupiga makofi. Safari hii nafasi tatu zilikwisha kujazwa, na ya nne ingeamuliwa Jumamosi kwa mechi ya raundi tatu kati yake na muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya. Juu ya hapo, watengenezaji wa gemu walikuwa wametangaza kwamba toleo jipya, litakalotoka Jumatatu, lingempunguzia kasi yule nguchiro wa buluu. Malalamiko yalikuwa mengi mno. Kwa hiyo Fundi alikuwa na Jumamosi moja tu ya kuingia kwenye timu akiwa na Shangazi aliyemzoea. Baada ya hapo angekuwa mtu mzima mwenye mnyama dhaifu kati ya vijana wenye vidole vyepesi.

Ijumaa aliomba ruhusa ya kutoka mapema kesho yake.

"Kuna msiba?" aliuliza mwenye karakana.

"Hapana, shangazi. Kuna mashindano. Ya gemu."

"Miaka yote hii sijawahi kukuona na haraka. Nitakuja nione kinachokupa haraka."

Ukumbi ulikuwa wa chuo, wenye viti vya plastiki na pazia moja lililokatika kamba. Mbele kulikuwa na meza mbili zinazotazamana na skrini kubwa ya watazamaji. Mlangoni alisimama Dobi, mwenye duka la kufulia nguo, ambaye tayari alikuwa na nafasi yake kwenye timu na sauti ya mtu mwenye nafasi yake.

"Fundi! Leo umekuja na Shangazi, au umemwacha jikoni?"

"Nimekuja naye," alisema Fundi, akimkazia macho anyamaze.

"Mwambie basi leo asikimbiekimbie. Bibi mzima anapiga mtu halafu anajificha nyuma ya mlango!"

Mwanamke mnene aliyesimama nyuma ya Fundi akasema, "Hujambo, mwanangu."

"Shikamoo, mama," alisema Dobi.

"Marahaba. Kola yako haijapigwa pasi." Akapita kwenda kutafuta kiti. Dobi alibaki ameishika kola.

Muuguzi alifika moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa viatu vyeupe visivyopiga kelele. Kila mtu alimwita Sista. Alicheza kama anavyofunga bandeji: taratibu, bila kuonyesha kama kuna tatizo. Mnyama wake mkuu alikuwa dubwana la manyoya, zito na lenye ngozi nene. Liliitwa Godoro. Godoro hakuwa na haraka ya kumpiga mtu. Kazi yake ilikuwa kupokea mapigo, kujitibu, na kumchosha adui mpaka akosee.

Raundi ya kwanza haikuchukua muda. Sista aliwatanguliza wanyama wake wepesi, na Shangazi akawaangusha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa radi moja. Wenzake walimaliza waliobaki. Ukumbi ulipiga kelele. Sista aliandika kitu hewani kwa kidole, kama mtu anayejumlisha kichwani, akasema, "Haya."

Raundi ya pili Sista alibadilisha mwendo. Shangazi alipoinua mkia tu, Sista aliondoa mnyama wake na kumwingiza Godoro, ambaye aliipokea radi yote kifuani. Godoro aliyumba. Mstari wake wa uhai ulishuka hadi ukabaki uzi mwekundu. Zamu iliyofuata ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa na macho. Shangazi ndiye mwenye kasi, kwa hiyo angetangulia, na radi ya pili ingemlaza Godoro kabla hajajitibu.

Fundi alimtoa Shangazi.

"Aaah!" walisema watu wa nyuma kwa pamoja.

Godoro alitumia zamu hiyo kujitibu, akarudi na uhai karibu wote. Mnyama wa Fundi aliyeingia alihangaika naye, akachoka, akaanguka. Shangazi akarudi, radi, Godoro akabaki na uzi mwekundu. Fundi akamtoa tena. Godoro akajitibu tena. Sista alikuwa akibonyeza kabla hata ya kufikiri, kwa sababu alishatazama mechi zote za Fundi zilizorekodiwa, na katika zote hizo hakuona hata mara moja ambapo Shangazi alimpiga mnyama yuleyule mara mbili mfululizo.

Mwishoni, kwa kukosa la kufanya, Fundi alimrudisha Shangazi katikati ya pambano, na pigo la Godoro likamkuta mlangoni.

"Shangaziii yuko chini!" alitangaza mtangazaji kwenye kipaza sauti. "Shangazi ameanguka kama gunia, hainuki!"

Katika safu ya tatu, mwenye karakana aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa hospitalini.

Raundi ikaenda kwa Sista. Mapumziko yalitolewa ili watu wanywe maji. Mwenye karakana alikuja hadi kwenye meza ya Fundi na kusimama.

"Huyo aliyeanguka ni nani?"

"Ni mnyama tu, shangazi."

"Mnyama."

"Ni mzuri. Ana kasi kuliko wote. Anapiga vibaya sana, watu wanamwogopa."

"Na akiguswa?"

Fundi alifuta mikono kwenye suruali. "Akiguswa anaanguka."

"Basi si mimi huyo. Mimi nimeguswa sana." Alivuta pumzi. "Yule mnene alibaki kidogo. Kwa nini ukatoka?"

Fundi alianza kueleza habari ya ngozi ya karatasi na mvua. Maneno yalikuwa yaleyale aliyozoea kuyasema, lakini yalikuwa magumu kuyamaliza mbele ya mtu huyu. Mwenye karakana hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya kibonyezo kama ulivyokuwa juu ya kikatio siku zote, kidole cha shahada kikiwa kimenyooka mbele.

"Hicho si kioo," alisema.

Mwamuzi, kijana mwenye kitambulisho shingoni, aliinuka haraka. "Mama, samahani. Kumshauri mchezaji hairuhusiwi."

"Ushauri gani, baba? Mimi gemu silijui. Naongea mambo ya karakana na mtu wangu wa karakana."

Mwamuzi alifikiri juu ya kanuni zake, hakukuta kifungu cha vioo, akaketi. Mwenye karakana alikuwa ameshafika kwenye kiti chake.

Fundi alibaki akiutazama mkono wake. Alikumbuka rula. Hakuwa ameikumbuka kwa miaka mingi, na sasa alihisi hasa pale ilipokuwa ikigonga, juu kidogo ya kifundo. Alijaribu kukumbuka mechi moja tu ambayo alipiga, akabaki, akampiga tena mnyama yuleyule. Hakuipata.

Raundi ya tatu ilikwenda sawa kwa sawa. Kila upande ulipoteza wanyama wawili. Fundi alibaki na Shangazi na kobe wa maji, asiye na kasi yoyote. Sista alibaki na Godoro na Kinu, mnyama wa mawe asiyeshtushwa na radi hata kidogo. Godoro akaingia kupokea radi ya Shangazi, akayumba, akabaki na uzi mwekundu. Wakafika palepale.

Sista alikuwa na njia mbili. Angeweza kumwingiza Kinu aipokee radi ya pili kwa mawe yake, na Godoro apone baadaye kwa raha zake. Au angeweza kumwamuru Godoro ajitibu mara moja, akiamini kwamba Fundi atatoka kama anavyotoka siku zote. Hakusita. Muuguzi anayemjua mgonjwa wake hapimi joto kila dakika. Alibonyeza.

Fundi alichelewa. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kubadilisha, chenyewe, kikakigusa bila kukibonyeza. Saa ya mwamuzi ilikuwa ikihesabu. Jasho lilimtoka kwenye kwapa kama siku ya kioo kikubwa cha duka. Kisha akakirudisha kidole, akapita juu ya mstari uleule.

Radi.

Godoro alianguka kabla hajanyanyua mkono wa kujitibu.

Kelele za ukumbini zilizima sauti ya mtangazaji. Sista aliinua nyusi, na hilo kwake lilikuwa jambo kubwa. Kinu akaingia. Radi ya Shangazi ikamteleza kama maji kwenye bati, naye akamjibu kwa jiwe moja.

"Shangazi yuko chini!"

"Tena?" ilisikika sauti kutoka safu ya tatu.

Lakini Kinu alikuwa peke yake sasa, na maji ya kobe huyala mawe. Kobe alichukua muda wake. Alipomaliza, Dobi alikuwa amesimama juu ya kiti, na kola yake bado haijanyooka.

Sista alimpa Fundi mkono. "Umeamua lini kubaki?"

"Sijui, Sista. Nilipobonyeza."

"Dalili hiyo sikuiona," alisema, akaenda zake kulala.

Jumatatu toleo jipya lilitoka. Shangazi alipunguziwa kasi, na nusu ya wanyama aliokuwa akiwatangulia sasa wanamtangulia. Fundi alisoma tangazo wakati wa chai, akaweka simu mfukoni. Nafasi ilikuwa yake, safari ilikuwa ya mwezi ujao, na mpaka wakati huo angelazimika kujifunza kumtumia mnyama mwepesi asiyetangulia tena. Hakulalamika. Alirudi mezani, ambako kioo cha dirisha la duka la mikate kilikuwa kimelala juu ya zulia la meza kikimngoja.

Aliweka rula. Alichovya ncha kwenye mafuta ya taa. Alivuta mstari, mlio ukatoka safi, na mkono wake, badala ya kuinuka, ukarudi hadi ukingo wa mbali na kupita tena palepale.

Kioo kilipasuka kwa mshazari, kutoka kona hadi kona.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mwenye karakana alisimama hapo na kikombe chake.

"Hicho ni kioo," alisema.

Fundi aligeuka amjibu. Mlango ulikuwa umeshafungwa.